Mzee Aliyeacha Kuniangalia

Baba Atupele,

Basi simu ilivyokata nilikuwa nimefika pale waliponishusha kwenye basi hapa Mpika, natapika, homa inanichemsha. Wewe mzima lakini? Mguu umepoa? Mama yako anakula? Mimi nimepona, usinune. Ningekupigia tena ila haya si ya simu, wewe ukiongea na simu Masukulu nzima inasikia. Barua hii nampa dereva wa lori anayeshuka Tunduma.

Nilikaa chini pembeni ya barabara, nalia Kinyakyusa, nasema leo nakufa Zambia na kanga ya kuazima. Akapita mzee na baiskeli, akasimama, akanisalimu kikwetu. "Ugonile, binti. Rungwe wamekutupa huku?" Akanikalisha kwenye baiskeli, anasukuma mpaka kwake. Ana migomba, ile ile yetu. Akanipikia uji, tukapiga soga. Ananitania, ati wanawake wa kwetu hata wakifa wanaongea. Nikamuuliza, na wewe kwetu ulitoka lini? Akasema alifuata migodi zamani, akasahau kurudi. Anasema hivyo kama mtu aliyesahau mwavuli.

Kesho yake akauliza nimeolewa kwa nani. Si unanijua, nikampa yote. Ukoo wenu, baba yako alivyoondoka wewe uko tumboni, mama yako alivyongoja, mpaka tukazika mgomba badala ya mwili wake, tukalia, tukanyoa nywele.

Mzee akaweka bakuli chini, akageuza uso, akatoka.

Tangu hapo haniangalii. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza, nijifiche. Uji anampa jirani, mama Joisi, aniletee. Sasa niambie, kwa mila yetu mwanaume gani anamkwepa mwanamke hivyo kama si baba mkwe wake? Na mimi nikisikia kikohozi nimeshajifunika, nimegeukia ukuta. Nataka nione kama ana pua yako, na sasa siwezi tena. Namsikia tu huko nje anachanja kuni, anapiga mluzi kama wewe. Tumeshamzika huyu, na ndiye aliyeniponya.

Njoo, baba Atupele. Wewe mtoto wake unaruhusiwa kumwangalia. Mama usimwambie kwanza, moyo wake hautaweza. Atupele anajua nitachelewa kufika kwake Kitwe. Dada yako wa Masoko msalimie, kanga yake ipo. Na mjomba wa mashine ya kusaga, na

Ngoja, mama Joisi ananiita dirishani. Anasema mzee yuko barabarani na begi, amesimamisha lori la Lusaka. "Mwite wewe, mama, mimi hanisikilizi."

Nimwiteje? Jina la baba mkwe ni mwiko, tangu niolewe halijatoka mdomoni kwangu, hata la mtu mwingine anayeitwa hivyo nalizunguka. Na nikisema "mzee" tu, hatageuka.

Naenda. Nikilitaja, mtanisamehe huko.

Mama Atupele