Daktari Alinivua Shati

Bwera, juu ya soko

Kwa Afande Ojara, kule Kitswamba.

Afande, pokea saluti yangu. Goti yako imeamka namna gani? Na masikio? Na binti yako Loyi na mbuzi wake? Mimi niko mzima, nakula, na kilima ya kanisa napanda bila kupumzika, vijana wanabaki njiani wameshika kiuno. Naandika kwa sababu kwa simu wewe unajibu tu "nini?" mpaka inakata. Barua hii soma mwenyewe. Usimpe Loyi akusomee.

Afande, naoa. Usicheke. Ni Wivine, yule mjane wa Butembo anauza vitenge hapa mpakani. Wengi walimtaka, hata mmoja mwenye lori, lakini yeye anajua mwanaume. Shida ilikuwa tu zile vidoa nyeusi za uso wangu, unazijua, kama mtu amenirushia mbegu za papai. Nikasema siwezi kusimama mbele ya padre na mbegu.

Basi nikaenda Kasese, ile kliniki ya ngozi ya Nyamwamba. Unakumbuka walitupatia pale dawa ya kupaka wakati wa upele? Imegeuka kabisa. Wenye kujikuna wamewekwa benchi ya nyuma, karibu na tanki ya maji, na ni Ijumaa peke yake. Mbele ni viti laini na mashine. Inachoma vidoa, inafuta tatoo, inalainisha uso. Mimi nilikaa mbele, katikati ya wake wa maofisa, kama jenerali.

Daktari ni mama mfupi, jina Atuhaire, mkali kushinda sajini meja wetu. Alisema zamani kazi yake ilikuwa dawa tu, vidonda na mba na choa. Siku hizi watu kumi wakija, nane wanataka mashine. Hakatai mashine, lakini ana sheria yake: haiwashwi kabla shati haijatoka. Nikamuuliza vidoa viko usoni, shati imekosa nini? Nilikataa karibu saa nzima. Akaita mgonjwa mwingine aingie, akaita na mwingine. Mwisho nikavua, lakini ni mimi mwenyewe niliamua.

Nyuma ya bega akaona doa moja pana, rangi imefifia. Akasema nifunge macho, akigusa na pamba niseme. Nikafunga, nikangoja, nikamuuliza ataanza lini. Akasema amegusa mara tatu. Halafu akachukua kitu ya ncha. Hapo nikajua ananipima uanaume. Nikamwambia achome tu, mimi ni mwanajeshi, sisikii kitu. Akachoma hapa, akachoma pale, mimi nacheka, namweleza namna risasi zilikuwa zinaniogopa. Kila nikijisifu, yeye anaandika. Akaweka kalamu chini, akasimama. Nikafikiri anataka kunipigia saluti.

Afande, ni ukoma.

Neno hiyo nimeikata na kalamu mara mbili kabla ya kuiacha. Vidonge nameza, vya bure, mwaka mzima. Mkojo umekuwa mwekundu, daktari anasema ni dawa tu. Anasema nimewahi, vidole vyote vitabaki, na tangu nianze dawa siambukizi mtu tena. Uso amekataa kugusa kwanza.

Wivine nilimficha siku tisa. Halafu nikamwambia nikiwa nimesimama mbali, kama mfungwa mbele ya jaji. Yeye aliendelea kukunja kitenge.

"Mu kambi ya wakimbizi nililala na watu mia mu hema moja," alisema. "Leo mutu moja na kidoa chake ataniogopesha? Meza dawa, muzee. Padre iko, haendi fasi, atatungoja."

Sasa neno yako. Daktari aliuliza nani amelala na mimi nyumba moja miaka hii. Nilisema hakuna. Niliona haya, afande, nikadanganya. Lakini wewe umelala chumba yangu miaka tatu, tumekula sahani moja. Juzi nimerudi kwa daktari nikataja jina yako. Kwa hiyo Ijumaa teremka mjini, saa mbili asubuhi utanikuta benchi ya nyuma. Mimi nitavua shati kwanza, uone hakuna kitu ya kuogopa.

Na akikuchoma, tafadhali, usijifanye mwanaume. Kama inauma, piga kelele. Nitakuwa mlangoni naomba nikusikie.

Salimia Loyi, lakini kwa mdomo tu, barua usimwonyeshe.

Ni mimi, wa sahani moja na wewe,
Koplo Nasani Kule