Amana Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi napanda ndege, na nikilitamka neno hilo nacheka mwenyewe, kwani mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, muuza misumari na vitasa hapa Makorora, Tanga, safari yangu ya mbali kabisa ni ile ya kufika Moa kwa bodaboda, simu ikanasa mtandao wa Kenya ikaniandikia karibu, nami nikarudi nyumbani nikijitapa kwamba nimetoka nje ya nchi. Sasa nakwenda Maskati. Mama yangu mkubwa, Bi Shemsa, dada wa marehemu mama, yuko huko tangu sijaota ndevu, macho yanamwishia, na ameniomba nifike angali anaweza kuniona japo kwa ukungu, akasema nimletee na mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa za huko, kwa maneno yake, "zinakuna kama zimelazimishwa."

Watu wananiita Mwarabu, mshauri, lakini Kiarabu changu ni cha msikitini tu. Nikiulizwa swali forodhani nadhani nitaitikia amin.

Sanduku nimelifunga na kulifungua, nimelipima kwenye mizani ya misumari dukani hadi mke wangu Nada akaniuliza, "Unalipima au unalikondesha?" Majirani wameleta vyao, ndiyo desturi yetu, anayesafiri habebi vyake peke yake, Ziyad wa Pongwe achari ya ndimu, mwingine ubuyu, na kila mmoja kafungua akanionyesha. Tatizo ni Khatijabai. Huyu ni mjane wa marehemu Dharsi wa duka la vitambaa, duka lao na langu ni ukuta mmoja, na mama yangu alipolazwa hospitali ni yeye aliyenilisha na kunivisha nikaenda shule, kwa hiyo kwangu ni mama. Alikuja na furushi la kitambaa cheupe, limeshonwa pande zote kwa uzi mwekundu, la kumpelekea binti yake Hiba, aliyeolewa huko miaka mingi na hajajaaliwa mtoto, na siku hizi analalamikia mgongo. Akaniwekea mikononi, akasema, "Himyar mwanangu, hii amana. Usifungue. Na Nada asifungue." Nami nikasema, "Ndiyo, mama," kama nilivyozoea tangu nikivaa kaptura.

Sasa, furushi lenyewe laini, lakini ukilitikisa kuna kitu ndani kinachakarika. Nimelinusa kama paka anayenusa kikapu cha sokoni, sikuambulia kitu. Nilipomweleza Muhanad, mtoto wa Bi Shemsa, kwa simu, hakucheka hata kidogo. "Kaka Himyar," akasema, "kuna vidonge kwenu vinauzwa kama peremende, huku ukikutwa navyo bila karatasi ya daktari unawekwa ndani. Watakuuliza kilichomo. Utawajibu nini?"

Nikizuiwa pale uwanjani, mama mkubwa atakaa anangoja uso wangu na hautafika, na macho yake hayangoji. Nimewaza nilifumue nilishone tena, Nada akasema, "Wewe? Kifungo cha shati nakushonea mimi!" Nimewaza niliache chini ya kitanda niseme limepotea njiani. Lakini amana, mshauri! Kwetu amana haiguswi, kuifungua ni khiyana. Nifanye nini?

Himyar, Makorora

*

Himyar, umenichekesha, kisha ukaniudhi. Nianze na la kuudhi.

Hilo la chini ya kitanda lifute. Yaani unaona khiyana kukata uzi, lakini huoni khiyana kumdanganya mama aliyekuosha uso ukaenda shule? Na hilo la kufumua kwa siri lifute pia. Nada ameshakwambia ukweli kuhusu sindano yako.

Sasa nisikilize. Unaogopa kumuuliza mama yako swali moja dogo, tena kwa Kiswahili, barazani kwake, lakini uko tayari kuulizwa swali hilohilo na askari wa forodha kwa lugha unayoijulia amin tu. Hiyo si heshima, ndugu yangu. Hiyo ni haya iliyokaa mahali pasipo pake. Khatijabai amekuamini wewe, sawa. Na wewe mwamini yeye, kwamba akisikia hofu yako ataielewa. Au unadhani aliyekulea anataka kukuona umewekwa ndani?

Naelewa inavyouma. Na sisemi ana nia mbaya. Mama mzee akisikia mgongo wa mwanawe unauma, anatia vidonge kwenye furushi kama anavyotia chumvi kwenye mchuzi, hakumbuki sheria ya nchi ya watu.

Kwa hiyo leo hii, baada ya alasiri, chukua furushi kama lilivyo. Chukua mkasi, sindano na uzi mwekundu. Nenda peke yako, Nada abaki nyumbani, si umeambiwa? Mwamkie, kaa chini, umwekee furushi mapajani, umwambie: "Mama, nitaulizwa kilichomo, nami siwezi kusema sijui. Fumua wewe, nione mimi tu, kisha ushone tena." Dawa yoyote ibaki Tanga. Hiba atamwona daktari wa huko. Akikataa kufumua, mbusu mkono, liache furushi mapajani mwake, uondoke bila kununa. Usilibebe. Bi Shemsa anangoja uso, hangoji furushi.

Na hiyo mbuzi ina meno ya chuma, iweke kwenye sanduku kubwa, usipande nayo mkononi.

*

Kwa kuwa Alhamisi haingoji gazeti, jibu hili nilimtumia Himyar kwa simu. Majina nimeyabadili yote. Jumatano jioni akaniandikia:

"Mshauri, nimekwenda na mkasi. Alinitazama sana, akasema, 'Siku zote nakuona mjinga, kumbe akili unayo, inachelewa tu njiani.' Akafumua mwenyewe. Vidonge vya mgongo vilikuwemo, amevitia kabatini kwake. Kilichobaki ameniapisha nisikitaje mpaka Hiba mwenyewe aseme, anaogopa kijicho cha watu, nami nimeapa. Kwa hiyo sisemi. Niseme tu kwamba wakiniuliza forodhani jibu ninalo, na kwamba nimebeba kofia ya kufuma ambayo ngumi yangu haiingii."