Vyandarua vya Wawi

Wawi, 4 Februari 2025

Ridha mwanangu,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, ila magoti yamestaafu kabla yangu. Huko Dar unakula?

Ile programu uliyotuandikia ya kugawa vyandarua imetugomea. Nyumba arubaini na moja zimekataliwa, na orodha inafungwa Jumamosi. Asiyeingia hapati, na mvua hizo zinakuja na mbu wake. Imetoa maneno mekundu ya Kizungu, sheha anayesimamia orodha akaniangalia kana kwamba nimeyaandika mie. Nakutumia picha.

Shangazi yako, Mwanawema

Dar es Salaam, 5 Februari

Shangazi,

Waalaykumu salamu. Nakula, nikikumbuka.

Picha nimeiona. Kila mnachoandika kwenye fomu hufika kwa Java, ile lugha ya kompyuta niliyoandikia programu, kikiwa maandishi, hata kiwe 3. Pale pa watoto mimi nimetaka namba, na Java haikubali maandishi yakae mahali pa namba. Kwa hiyo niliweka amri ya kuyageuza. "3" inageuka. Bi Duni kaandikiwa watoto "Alhamdulillahi". Hiyo haigeuki. Andikeni namba tu.

Mwanao, Ridha

Wawi, 5 Februari, alasiri

Ridha,

Umezaliwa hapa, au uliletwa na boti? Nani atahesabu wanawe mbele ya watu? Nimejaribu kwa Bi Rumaitha. "Unawahesabu wa nini, Mwanawema, unataka kuwauza?" Akafunga mlango taratibu, na hilo ndilo baya zaidi. Iambie Java ipokee maandishi.

Shangazi yako

Dar es Salaam, 6 Februari

Shangazi kipenzi,

Itapokea, lakini haitajua igawe vyandarua vingapi. Maandishi ukiyajumlisha yanaungana tu: "3" na "2" inatoka "32". Nimechoka, shangazi. Ujanja umeniishia.

Mwanao

Dar es Salaam, 9 Februari

Shangazi,

Hujambo? Orodha imefungwa jana, na naona nyumba zote arubaini na moja zimo, zote kwa namba. Umewahesabuje?

Mwanao, Ridha

Wawi, 10 Februari

Mwanangu,

Tumeamka salama, magoti hayajambo kidogo.

Mtu sikumhesabu. Niliuliza vitanda. Kitanda hakipatwi na husuda. Bi Rumaitha kanitembeza mwenyewe chumba kwa chumba, mpaka kitanda cha kamba kilichoko uani. Pale pa watoto nikaweka vitanda. Mashine yako ilitaka namba, ikapewa namba. Haikuuliza ya nini.

Kwetu nimeandika viwili. Kimoja chako. Huu mwaka wa nne hakijalaliwa, lakini shuka nabadilisha kila Ijumaa.

Shangazi yako, Mwanawema