Mnyama Akakamatwa

Herieth, acha hiyo pasi kwanza. Kaka yangu Audax katuaibisha kwenye jumuiya asubuhi hii.

Si unajua msimu mzima kila akisali lazima aiombee Simba ubingwa? Yanga wakabeba tena.

Sasa mwenyekiti Valerian, Yanga damu, kampa somo asome. Ufunuo. Braza kafika pale, "Yule mnyama akakamatwa." MNYAMA, Herieth. Jina la utani la Simba yake.

Mama mmoja nyuma akaitikia, "Amina."

Audax, mtumishi wa Bwana, kakohoa, kairudia aya. "Yule CHURA akakamatwa." Yaani kawachomekea Yanga jina lao la utani kwenye Biblia. Chura.

Valerian wala hakunyanyua kichwa. "Ndugu msomaji, soma kilichoandikwa. Hata msimamo wa ligi hukuuandika wewe."