Sungura Mweupe

Visiga, 9 Machi 1953

Mke wangu Zena,

Wasalimie wazazi hapo Kisarawe. Mihogo uliyoipanda imestawi.

Nakuandikia kwa furaha. Sungura wangu wawili weusi wamezaa mtoto mweupe kabisa. Mwalimu Sixtus akanieleza, "Baba na mama wote wana weupe uliofichika. Mtoto akiurithi kwa wote wawili, unajitokeza." Papo hapo nikamkumbuka shangazi yake baba, aliyezaliwa mweupe kama Pazi wetu.

Zena, nilikufukuza bure nikidhani ulitoka nje ya ndoa. Weupe wa Pazi umetoka kwangu pia. Jumamosi nakuja kukuomba radhi mbele ya majirani wote walionisikia nikimkana mwanangu.

Mumeo,
Abdala