Kitovu cha Ukuta wa Kibla

Mjini Baraka, kando ya ziwa, Alhamisi, 1956. Mvua imenyesha tangu adhuhuri.

Msikiti wetu ulipigwa mizinga kutoka ziwani wakati wa vita vya Wajerumani, mimi sijazaliwa. Kuta tatu zilianguka, na miaka yote hii watu wamesali chini ya kibanda cha nyasi kinachovuja. Ruhusa ya kuutengeneza imepatikana kiangazi kilichopita tu, baada ya mume wangu Ramazani, imamu wetu, kwenda ofisi ya mtawala Mzungu mpaka viatu vikaisha soli.

Wanaume wanasimamisha miti. Kusiriba kuta kwa udongo ni kazi yetu wanawake. Ukuta wa kibla, ule uliobaki, una uvimbe chini, usawa wa goti, ambao mama zetu waliuita kitovu. Kila tukisiriba kabla ya Ramadhani, anayetaka mtoto hukipaka kitovu udongo mara mbili na kuomba kimoyomoyo. Nimekipaka miaka mitatu. Nina watoto watatu.

Leo nilikuwa nabandua udongo wa zamani. Kwenye kitovu jembe likalia. Nikadhani jiwe, nikapiga tena kwa nguvu. Udongo ukadondoka nikaona chuma, cha mviringo, kimeshika kutu.

Kombora. Liliingia ukutani, halikupasuka.

Mungu nisamehe, nimeomba watoto kwa kombora. Na leo nimelipiga jembe mara mbili.

Sikupiga kelele wala sikukimbia. Nilichota udongo nikalifunika, nikalainisha kwa kiganja kama nilivyofundishwa. Hofu ilinifanya mjinga. Ramazani akapita, akanikuta nimekaa chini.

"Mama Asha, iko nini mu ukuta?"

"Iko jiwe tu."

Akafurahi. "Basi kesho asubuhi, mbele ya sala, tutapigilia nguzo pale pale. Jiwe iko nguvu."

Nilimwacha aende zake. Mtawala akisikia habari hii ataufunga msikiti. Karani wake alishatuambia kwamba kosa moja tu na ruhusa inaondolewa. Ramazani ameungoja msikiti huu ujana wake wote. Nilijiambia namhurumia. Kweli ni kwamba niliogopa kuwa mimi ndiye wa kumpa habari hiyo.

Lakini nyundo ya kesho ni kubwa kuliko jembe langu, na atakayeishika ni yeye.

Msikiti ukifungwa tutasali mvuani, tumezoea.

Namwona kutoka hapa ndani, yuko barazani kwetu anatia udhu kwa ajili ya alasiri, anajisemesha peke yake kuhusu nguzo zake. Mvua haijauacha udongo ukauke. Alama za vidole vyangu bado ziko pale nilipofunika, naweza kumwonyesha mahali penyewe. Nikingoja ukauke, najijua, nitanyamaza.

Naweka kalamu chini. Nitaanza na lile jiwe, nimwambie si jiwe.