Nilisema Simjui Zefania Elia

Zefania, ndugu yangu,

Leo nakuita hivyo, na kalamu ni nzito. Miaka yote hii nimekuita Kibete, na jina hilo nilikupa mimi.

Unakumbuka kidato cha pili, mwalimu wa fizikia akitueleza sayari zinazozunguka majua mengine huko mbali? Ukanyoosha mkono ukauliza, kati ya sayari na nyota kuna nini. Akasema kuna kibete kahawia: kimeizidi sayari kwa uzito, lakini hakitoshi kuwaka kama nyota. Nami, mdomo wangu huu, nikakugeukia wewe uliyekuwa mfupi kuliko wote, nikasema, "Kumbe ndiye huyu." Darasa zima likaangua kicheko. Ulicheka pia. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ukaniambia taratibu, "Lakini hata hicho kina joto lake."

Jina likashika. Kijijini kwetu Kinyangiri Kibete, kijiweni kwako Singida Mjini Kibete, kwenye simu yangu Kibete. Abiria wako wa bodaboda uliwachosha na habari za sayari zisizo na jua, zinazotangatanga tu gizani, wakakuona umechanganyikiwa kidogo.

Sasa nikwambie. Jumanne ile tulikuwa shambani tunapura alizeti, namba ngeni ikapiga. Alikuwa nesi. Akaniuliza kama namfahamu Zefania Elia, amepata ajali, simu yake imevunjika, wamekuta namba yangu kwenye karatasi mfukoni mwake. Nikasema simjui, dada, umekosea namba. Nikaendelea kupura. Haki ya Mungu sikukumbuka. Jina hilo nililisikia mara ya mwisho mwalimu akiita mahudhurio.

Ukaishi siku mbili zaidi. Siku mbili, ndugu yangu, bila mtu wa kukushikia hata kikombe cha uji. Umebeba namba yangu, na mimi nimekukana.

Msibani mama yako alinishika mkono, akasema laiti wangempigia mtu mmoja tu anayekufahamu. Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Nikala na wali wa msiba wako. Tangu tukuzike ananiita mwanangu, kila asubuhi ananiwekea maziwa, nami nayanywa. Najichukia.

Pumzika, Zefania. Jumapili akitoka kanisani nitakwenda kwake nipige magoti. Nitamwambia kwamba huyo mtu mmoja walimpigia.